Mtoto Aliyeitika Labeka

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Zahra, mtoto wa mama yangu mdogo, ila na mimi nilikuwepo, nimeshika pembe ya turubai, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni maneno ya kusikia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa Oktoba, hapa Hounslow, London. Siku ya kawaida kabisa. Ndege zinashuka Heathrow moja nyuma ya mwenziwe, Zahra yuko jikoni anakaanga katlesi, na mumewe, Abdulwakil, yuko uani na mabuti ya mpira, anataka kulifunga bwawa la kuogelea kabla baridi haijaingia. Hajawahi kufunga bwawa maishani mwake. Alikuwa ametazama video tu kwenye simu, akajiona fundi.

Msishangae watu wa Pemba kuwa na bwawa uani. Nyumba waliinunua kwa Ushma, mama mmoja wa Kipunjabi mzaliwa wa Kisumu, aliyehamia Southall kwa mwanawe. Bwawa alilichimbisha marehemu mumewe. Siku ya kukabidhiwa funguo tulilikuta limefunikwa, na jua la Juni linawaka. Tukamuuliza kwa nini. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kisumu, "Mimi napenda hii ikifungwa." Tukacheka, na Abdulwakil akalifunua siku ile ile.

Mtoto wao wa pekee ni Afnan, wakati huo ana miaka sita. Kiswahili alikuwa anakisikia chote, lakini kukijibu ndiyo shughuli. Zahra akimwita, yeye, "What?" Akiambiwa njoo ule, "In a minute." Zahra aliumia sana kwa jambo hilo. Akaweka sheria kwamba ndani ya nyumba Kiingereza ni marufuku, na mtoto akaona bora anyamaze siku nzima kuliko kuifuata.

"Nimezaa mgeni," aliniambia siku moja, machozi yanamlenga. Nikamwambia aache kukufuru, lugha itakuja yenyewe.

Ikaja Agosti. Siku hiyo joto lilizidi, watoto wa jamaa wamejaa bwawani, sisi watu wazima tuko kwenye nyama ya kuchoma, kelele tele. Zahra ndiye aliyegundua kwamba Afnan haonekani. Abdulwakil alizama akamtoa chini kabisa, midomo imeshabadilika rangi. Akamkandamiza kifua mpaka maji yakamtoka, mtoto akakohoa. Hospitali walimlaza usiku mmoja, wakasema ana bahati.

Alipofumbua macho, Zahra alimwita. "Afnan, mwanangu."

"Labeka, mama."

Labeka! Neno hilo mara ya mwisho nililisikia kwa bibi yetu, Wete, na bibi yetu yuko kaburini.

Tangu siku ile Kiswahili kikamtoka safi, cha Pemba hasa, na maneno ya zamani ambayo sisi wenyewe tumeyaacha. Akimaliza kula anashukuru. Akipita mbele ya wakubwa anaamkia. Zahra alirekodi sauti yake akaituma nyumbani, shangazi zake wakapiga simu kumpongeza. Mimi nikatania kwamba na wangu wawili nitawaleta, nao watumbukizwe. Tulicheka sana siku hiyo. Mungu atusamehe.

Kitu kimoja tu kilinikera. Bwawa hakulikaribia tena, na hilo nililielewa, mtoto ameogopa. Lakini kila nilipofika nilimkuta anamuuliza baba yake, kwa adabu, litafungwa lini.

"Baba, baridi inakuja. Bwawa bado halijafungwa?"

Basi Jumamosi ile ya Oktoba akapata alichokitaka. Abdulwakil alipunguza maji, akayapuliza mabomba yasije yakaganda na kupasuka, akamimina dawa. Tukalivuta turubai, yeye upande ule, mimi upande huu, tukawa tunalikaza ukingoni kwa ndoana zake. Afnan alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma, anatutazama.

Ndoana ya mwisho ilikuwa yangu. Nikaivuta. Ikakaza.

Kitu kikagonga turubai kwa chini.

Abdulwakil aliinua kichwa. Tukatazamana. Ndege ikapita, ikaenda zake na kelele zake.

Kikagonga tena. Taratibu, kama mtoto anayegonga mlango wa choo.

"Mummy?"

Ilikuwa sauti ya Afnan. Ilitoka chini ya turubai, majini.

"Mummy, I'm cold. Mummy, it's dark."

Nikageuka kutazama mlangoni. Afnan alikuwa pale pale. Mdomo wake umefumba.

Zahra akatoka mbio, mwiko mkononi, mafuta yanamdondokea miguuni. Alikuwa amesikia.

"Fungua," alinong'ona. "Baba Afnan, fungua."

"Ni mabomba hayo. Kuna upepo umebaki ndani."

"Mabomba yanasema mummy?"

"Zahra! Mwanao yuko nyuma yako. Mimi ndiye niliyemtoa, kwa mikono yangu hii."

"Ulimtoa nani?"

Akaitazama mikono yake.

Afnan akaja pekupeku juu ya majani yaliyolowa, akamshika mama yake nguo. "Mama, twende ndani," alisema kwa sauti ndogo. "Huyo atanyamaza. Maji yakipoa hunyamaza."

Ukelele alioupiga Zahra sijawahi kuusikia kwa mtu, na nimefanya kazi za kuuguza wazee miaka mingi. Tukaanza kuzing'oa zile ndoana, mimi na yeye, kucha zinavunjika. Tukalitupa turubai pembeni.

Maji. Majani mawili matatu. Sakafu ya buluu inaonekana mwanzo hadi mwisho, na hakuna kitu. Zahra alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, akaita na kuita. Hakuna aliyemjibu.

Magharibi Abdulwakil alilifunika tena, peke yake. Nilimwona dirishani. Alikuwa anakaza ndoana huku analia.

Wakamwita shehe. Shehe akasoma, na Afnan akakaa mbele yake kwa heshima, akasoma naye bila kukosea hata herufi. Baadaye, wakati anavaa viatu vyake, shehe aliniita pembeni.

"Mtoto hana kitu," aliniambia. Kisha akainama karibu na sikio langu. "Ila nyumba hii msiniite tena."

Baridi yote ile Zahra alikaa uani. Atarudi kutoka kazini, atavua koti la kazi, atajifunga blanketi, atakwenda kukaa kwenye kiti kando ya turubai. Anazungumza nalo kwa Kiingereza, yeye aliyekipiga marufuku. Anasimulia habari za shule, za mvua, za paka wa jirani. Anaomba radhi. Siku nyingine nilikaa naye, na wallahi sikusikia kitu tena, lakini roho iliniuma kumwona. Na nilimwogopa yule wa ndani, ambaye kila mara alitutokea na vikombe vya chai, hatua zake hazisikiki, anatuambia tusikae sana nje tutaugua.

Ilipofika Mei Zahra alidai bwawa lifunguliwe. Abdulwakil hakubishana. Alikuwa amekonda, na nilishaona kwamba mtoto akiingia sebuleni, yeye hutoka.

Tukalitoa turubai. Maji yalikuwa meusi. Abdulwakil akachomoa kile kikapu cha ukutani kinachonasa takataka, akakipindua juu ya saruji. Majani yaliyooza. Nondo aliyekufa. Na jino.

Lilikuwa jino la utoto, la mbele. Upande uliokuwa kwenye fizi ulikuwa na damu. Nyekundu, mbichi.

Zahra aliliokota akaliweka kiganjani. Hakulia. "Mwaka huu ndio yanawang'oka," alisema. "Darasani kwake wote wana mapengo."

Abdulwakil alibaki kulitazama lile jino. Kisha akaita kuelekea ndani. "Afnan!"

"Labeka, baba."

Akaja. Abdulwakil akapiga magoti, akamshika kidevu, akamwambia afungue kinywa. Mimi nikachungulia juu ya bega lake. Meno yametimia, juu na chini, madogo, yamepangana vizuri. Akalijaribu la mbele kwa kidole gumba. Halikutikisika. Akajaribu la pili yake. Akayajaribu yote.

Afnan alimvumilia mpaka akamaliza. Kisha akaushika mkono wa baba yake, akautoa kinywani kwa upole.

"Ya kwangu hayang'oki, baba," alisema.

Abdulwakil akainuka. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akajikuta amesimama ukingoni mwa maji.