Shavu la Tulia

Majirani wa Kiseke walizoea kumcheka Mashimba kwa desturi yake moja. Akirudi kazini hakumpa mtu mkono wala kubeba mtoto kabla ya kuoga. Hata mkewe, Evelina, alisubiri salamu mpaka bafuni kutulie. Viatu vyake vya kazi havikuwahi kukanyaga sakafu ya nyumbani, kwa kuwa aliviacha hukohuko kazini.

Mashimba alikuwa mhudumu wa wanyama katika kituo cha utafiti mbele ya Usagara. Humo walitunzwa tumbili thelathini, na wataalamu walichunguza jinsi chakula kinavyobadilisha damu yao. Asubuhi alisafisha vizimba na kupima chakula cha kila tumbili kwenye mizani. Jioni alipima mabaki. Tumbili akipiga chafya, aliandika. Tumbili akinuna, aliandika vilevile.

Binti yake, Ng'washi wa darasa la sita, alizijua habari za tumbili hao kuliko za watoto wa mtaa wao. Aliyempenda zaidi ni Tulia, jike mpole ambaye siku hizo alikuwa na mimba.

Jumamosi moja kituo kikaalika familia za wafanyakazi. Wageni walinawa mikono, wakavaa barakoa, wakaambiwa wasivuke mstari wa njano na wasimpe mnyama chochote. Ng'washi aliitikia ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Kumbe mfukoni alikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukaushwa juani, ambavyo bibi yake alimletea kutoka Misungwi.

Wenzake walipoelekea chumba kingine, yeye akabaki kwenye kizimba cha Tulia na kushusha barakoa ili atafune kipande kimoja tu. Tulia akamkazia macho. Jamani, mtoto aliyelelewa Usukumani atakula vipi huku anatazamwa? Tangu utotoni alifundishwa kwamba kula mbele ya mwenzako bila kumgawia ni uchoyo wa aibu. Akavuka mstari, akapenyeza vipande vitatu kwenye wavu. Tulia alivipokea kimoja kimoja, kwa adabu kabisa, akavificha shavuni. Ng'washi akawakimbilia wenzake, moyo umejaa raha.

Raha hiyo haikufika mbali. Jumapili asubuhi, wakiwa wanakunywa uji kabla ya kwenda kanisani, simu ya baba ikalia. Alisikiliza kwa muda, kisha akaweka kikombe chini. Mama akauliza kulikoni. Baba akaeleza kwamba Tulia hajala tangu jana jioni, na shavu lake la kulia limevimba kama limeficha ndimu. Ni kweli tumbili ana kifuko shavuni cha kuwekea chakula, lakini chakula cha Tulia kilikuwa bado chote bakulini, na mizani haidanganyi. Kwa hiyo daktari alidhani ni jipu. Saa sita angemchoma sindano ya usingizi ili alipasue.

"Na mimba yake?" mama akauliza.

"Hiyo ndiyo inayoninyima raha. Dawa ile inaweza kumuua mtoto tumboni." Kisha akainamisha kichwa. "Na kama ni waya uliomchoma, basi kosa ni langu. Kizimba kile nakikagua mimi."

Ng'washi akasukuma kikombe chake pembeni. Akisema, angemwaibisha baba yake kazini. Akinyamaza, baba angebeba kosa lisilo lake, na Tulia angepasuliwa bure. Alitazama saa ukutani, ilikuwa saa mbili na nusu.

"Baba, si jipu," akasema. "Ni matobolwa. Nilimpa mimi."

Baba hakumgombeza. Alibonyeza simu, akaisubiri iite, kisha akamkabidhi.

"Mwambie daktari mwenyewe. Mimi niko hapa hapa."

Daktari Kokulinda, mama wa Kihaya aliyesimamia afya ya wanyama wale, aliitikia shikamoo yake kwa upole, kisha akaanza maswali. Vilikuwa vipande vingapi? Vigumu kiasi gani? Je, Ng'washi alikuwa na kikohozi wiki hiyo? Tulia alimkwaruza? Ng'washi akajibu yote bila kuongeza wala kupunguza. Daktari akamwambia afuatane na baba yake.

Saa nne walikuwa kituoni. Ng'washi alisimama nyuma ya kioo, akimwangalia baba aliyevaa koti, glovu na barakoa. Kwa miezi mingi Mashimba alikuwa amemfundisha Tulia kuegemeza shavu kwenye wavu anapoambiwa "lete". Alipoambiwa, akaegemeza. Baba akalisukuma shavu taratibu kwa kidole, kutoka nyuma kuja mbele. Hakikutoka kitu. Akamnywesha maji kidogo kidogo kwa bomba lisilo na sindano, akasubiri, akasukuma tena.

Kikatoka kipande cha kwanza, kimevimba kwa mate. Kikafuata cha pili, kisha cha tatu. Tulia alikitazama kile cha mwisho kwa masikitiko, kama aliyenyang'anywa haki yake, halafu akageukia bakuli na kuanza kula.

Ng'washi alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Baba naye alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Daktari Kokulinda alivipima vile vipande kwenye mizani, akaandika daftarini: matobolwa, vipande vitatu, kutoka kwa Ng'washi Mashimba. Kisha akamweleza kwamba vipimo vyote vya Tulia vya wiki hiyo vitatupwa, na kwamba yeye Ng'washi hatakanyaga kituoni kwa mwaka mzima. Ng'washi akakubali. Aliona ni haki.

"Kugawa ni tabia njema, usiiache," daktari akasema. "Lakini upendo usio na utaratibu unaweza kuua. Kikohozi chako kinaweza kuwa maradhi makubwa kwao, na mate yao yanaweza kukuletea wewe maradhi. Ndiyo maana baba yako huoga kabla ya kukusalimia. Jana ulikosea, na kosa hilo tumelipima, ni gramu thelathini. Ungenyamaza leo, uzito wake ungekuwa wa viumbe wawili."

Walipofika nyumbani, baba na binti walimpita mama mlangoni bila kumpa mkono. Wakaoga kwanza, mmoja baada ya mwingine, ndipo wakamsalimia. Mama alikuwa ameweka mezani sahani ya matobolwa. Ng'washi akayagawa sawasawa kwa watu watatu, akaanza na fungu la baba.