Kadi Tatu za Magoma

Haya ni kweli tupu. Mkikuta humu neno moja la uongo, jogoo wangu mwekundu mchinjeni, na miguu yake nitaishika mimi mwenyewe.

Korogwe, 1973. Jasusi Mdoe alikanyaga mafuta. Landrova ikaruka tuta la reli. Redio ikakoroma, ikamwita kwa jina lake la siri.

"Nyuki, unanipata?"

"Nakupata."

"Kompyuta ya ofisi ya mkonge imezimika tena. Jumatatu dada yako anapelekwa jela."

Mdoe akaijaza risasi bastola yake ya Browning.

Dada yake, Hajira, alikuwa mtoboa kadi. Kila kadi yenye matundu ilibeba idadi ya marobota ya mkonge. Kila programu yake ya kuhesabu ilipoendeshwa, mashine nzima ilizimika. Kroll, mtaalamu wa kigeni, akamshtaki kwa hujuma. Sasa Hajira alikuwa mahabusu Handeni, siku ya nne.

"Siku hizo nne," Mdoe alisema, "Kroll atazilipa moja moja."

Akafungua mlango wa ofisi kwa teke.

"Programu za watu wako zinaua mashine," Kroll alisema, akipuliza moshi.

"Bwana, tangu lini mgeni akimwaga chai, nyumba ikabomoka? Programu ndogo ya kuhesabu iue mashine nzima?"



Mdoe akazigawa kadi mafungu mawili. Fungu la kwanza, mashine ikahesabu. La pili, ikafa. Akaligawa lile la pili. Akagawa tena. Zikabaki kadi tatu, zote za shamba moja.

Magoma.

Matundu yalikuwa sahihi. Basi sumu ilikuwa kwenye programu kuu, ile inayoamrisha nyingine zote, na aliyeigusa ni mmoja tu. Kroll aliitega ijiue kila ikiulizwa marobota ya Magoma, maana marobota hayo yalikuwa yakivushwa mpaka kwa magendo.

Kroll akachomoa bastola.

Mdoe akamtupia sanduku zima la kadi usoni. Bastola ikaruka dirishani.

Kofi. "La siku ya kwanza."

Kofi. "La pili."

Akamaliza manne. Saa saba mchana malori matano yakakamatwa Magoma. Mdoe akawasha sigara, akaondoka bila kugeuka.

Nilikuwa nikiwasomea jirani zangu barazani. Nilipofika hapo, mtu akakohoa mlangoni. Dada yangu Hajira, na fimbo yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Huyo Mdoe ni nani? Mimi nina mdogo mmoja tu, na siku hiyo alikuwa bwaloni anaunguza uji."

Jirani mmoja akacheka hadi kahawa ikampalia.

"Kadi nilizigawa mimi," Hajira akasema, "nina pingu mkononi, polisi walionileta kutoka Handeni wakiangalia. Na Kroll nilimzaba mimi."

"Lakini makofi yalikuwa manne, dada. Hapo sikudanganya."

"Yalikuwa matano. La tano la mama, aliyelia siku zote hizo. Jogoo yuko wapi?"

Nikashika miguu.

Kisu alishika yeye.