Kivumbasi cha Baba

Baba yake Kipua alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na badala ya kupata nafuu kwa vidonge alivyopewa, hali yake ilikuwa inazidi kuwa mbaya. Hakuna mtu nyumbani aliyeelewa kwa nini.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baba alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, jirani na nyumbani. Kila siku baada ya shule Kipua alipitia hapo, akasukuma mkoba chini ya meza ya kukatia, akaanza kazi zake: kuokota pini, kujaza uzi kwenye bobini, kufagia vipande vya vitambaa. Jina la Kipua alipewa na baba mwenyewe, kwa sababu tangu utotoni alinusa kila kitu kabla ya kukigusa, hata daftari jipya.

Halafu mambo yakaanza kwenda kombo. Siku moja baba alishona mfuko wa nyuma wa suruali ukatokea kwa ndani. Siku nyingine alibandika mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, na wa kulia upande wa kushoto. Mwenye shati, dereva wa lori, alilivaa, akajitazama kwenye kioo kutoka kila upande.

"Fundi," alisema, "hili umenishonea mimi, au kuna kaa alikuja kupima?"

Waliokuwepo waliangua kicheko. Baba hakucheka. Alikuwa amelowa jasho ingawa feni ilikuwa inazunguka, mikono ikimtetemeka, na alimfokea dereva kwa maneno ambayo Kipua hakuwahi kuyasikia kinywani mwake. Alipokaa chini akala ndizi mbili, muda si mrefu akarudi kuwa mtu yule yule mpole. Akamwomba dereva radhi, akafumua mikono ya shati na kuanza upya.

Kipua hakujua ashike lipi. Mtu anakuwaje mgonjwa sana, kisha anapona kwa ndizi? Nyumbani kila mmoja alikuwa na lake. Bibi, yaani mama yake baba, alisema vidonge vya hospitali ndivyo vinavyommaliza mwanawe. Mama alisema ni kazi nyingi na chakula kidogo, kwa sababu siku hizi sahani ya mchana ilikuwa inarudi kutoka kibandani kama ilivyokwenda.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kichaka cha kivumbasi alichokipanda Bibi. Majani yake ukiyafikicha yananukia kama karafuu. Kwa Bibi, kichaka kile kilikuwa duka zima la dawa. Mtu akipata mafua, Bibi aliyachemsha majani, akamfunika mgonjwa shuka avute mvuke. Tumbo likijaa gesi, alipika chai yake. Mbu wakizidi, alitupa matawi juu ya makaa, nyumba ikajaa moshi mpaka watu nao wakatamani kukimbia pamoja na mbu.

Lakini siku baba alipoanza vidonge, Mama, aliyemsindikiza kituo cha afya, alirudi na amri moja: baba asinywe dawa nyingine yoyote bila daktari kuambiwa. Bibi alinuna siku nzima. Alisema kumbe watoto wake sita aliwalea kwa bahati tu.

Kipua alikuwa katikati yao. Darasani, mwalimu wa sayansi alikuwa amewaeleza kwamba watafiti waliwapa panya wenye kisukari maji ya majani ya kivumbasi, na sukari yao ikashuka. Mwalimu aliendelea kueleza tofauti ya panya na mtu, lakini Kipua hakuyasikia hayo. Akili yake ilikwisha kufika nyumbani, nyuma ya jiko.

Jioni ile ile alichuma kiganja kizima cha majani, akayachemsha, akampelekea baba kikombe alipokuwa peke yake chumbani.

"Kunywa, baba. Ila usimwambie Mama. Na Bibi pia usimwambie, maana atamsimanga Mama mpaka mwaka uishe."

Baba alimtazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akanywa kikombe chote. Kutunza siri hakukumpa shida. Alikuwa amepima viuno vya mtaa mzima, alijua nani kanenepa na nani kakonda, na hajawahi kumtajia mtu hata kiuno kimoja.

Basi ikawa hivyo kila jioni. Na kadiri baba alivyozidi kudhoofika, ndivyo Kipua alivyozidi kuongeza majani. Kama dawa haijafanya kazi, aliwaza, si kwa sababu bado ni kidogo?

Kulikuwa na mambo mawili yaliyomtatiza. La kwanza, asubuhi baba alipoinama kumuaga, pumzi yake ilinuka kivumbasi kibichi, kana kwamba amekinywa sasa hivi. Kipua akajiambia ni kile cha jana, hakijaisha nguvu. La pili, kichaka kilikuwa kinanyonyoka upesi kuliko yeye alivyokuwa akichuma. Lawama za hilo akamtupia mbuzi wa jirani.

Siku mambo yalipoharibika kabisa, baba alikuwa anapiga pasi sketi za sare za shule, kazi kubwa kuliko zote alizopata mwaka ule. Kipua alikuwa anashona vifungo. Ghafla baba aliacha, akamgeukia.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza.

Kipua alidhani ni utani. "Wa fundi mmoja hivi," alijibu, "anayeshona mikono kinyume."

Baba aliendelea kumtazama kwa macho yasiyomwona. Kisha magoti yakamlegea, akaanguka, na pasi ikamfuata. Ilimwangukia juu ya mkono wa kushoto, na kilichomtisha Kipua kuliko vyote ni kwamba baba hakuuondoa mkono. Kipua aliipiga pasi teke, akachomoa waya, akaita watu kwa sauti yake yote. Fundi viatu wa kibanda cha pili alikuja mbio, akambeba baba mgongoni mpaka kituo cha afya.

Mama na Bibi walipofika, daktari alikuwa tayari amemtoboa baba kidole na kupima damu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita majina kwenye foleni ndefu. Alimwambia muuguzi alete dripu ya sukari, haraka.

Mama alimshika daktari mkono. Aliuliza kwa nini mtu mwenye ugonjwa wa sukari anawekewa sukari. Bibi aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Kipua naye hakuelewa. Miezi yote hii walikuwa wanaishusha sukari, na sasa daktari anaipandisha.

Daktari alieleza huku mikono yake ikifanya kazi. Sukari ikizidi mwilini inaharibu polepole, alisema, lakini ikishuka mno inaweza kumuua mtu siku hiyo hiyo, kwa sababu ubongo unakosa chakula chake. Jasho, kutetemeka, hasira, kusahau watu, yote yalitoka huko. Ndiyo maana ndizi alizozitaja Kipua zilimsaidia. Kisha akamwaga mezani vidonge vya baba, alivyovileta Mama, akavihesabu, akakunja uso.

"Amevimeza kama nilivyomwandikia, wala hakuzidisha," alisema. "Hapo ndipo sielewi. Kuna kitu kingine anatumia?"

Mama alijibu upesi kwamba hakuna. Bibi aligeukia dirisha.

Daktari alichukua kalamu aandike barua. Alisema basi itabidi baba apelekwe hospitali kubwa wakamchunguze kongosho, na vidonge avisimamishe mpaka ajue zaidi. Akisema, kila mtu atajua kwamba ni yeye aliyetaka kumuua baba yake. Asiposema, baba atachunguzwa kongosho bure, kisha atarudi nyumbani kwenye vikombe vile vile, na hakuna atakayejua cha kuacha. Akamsogelea daktari.

"Mimi nampa kivumbasi."

Mama aligeuka taratibu. "Wewe? Saa ngapi?"

"Jioni."

Mama alikaa kwenye kiti kama mzigo uliokatwa kamba. "Mimi namwekea kwenye chupa ya chai," alisema. "Ya mchana."

Wote walimgeukia Bibi.

"Msinitumbulie macho," Bibi alisema. "Mimi changu ni cha alfajiri."

Daktari aliuliza kwa nini mgonjwa mwenyewe hakusema chochote. Bibi alikiri kwamba alimwomba asiseme. Mama alisema na yeye alimwomba, kwa aibu ya kuvunja amri yake mwenyewe. Kipua aliitikia kwa kichwa. Daktari alijifunika mdomo kwa mkono, na Kipua hakuweza kujua kama anazuia kicheko au hasira.

Baba alipopata fahamu, alikumbuka vikombe vyote vitatu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kila mmoja alimletea kwa upendo, sasa angemkatalia nani?

"Ungewakatalia wote, fundi," daktari alisema. "Au ungeniambia mimi."

Kipua alikuwa bado na swali. Alitaka kujua neno moja tu, kivumbasi ni dawa au si dawa.

"Neno moja sina," daktari alimjibu. "Kina nguvu, bibi yako hakosei. Maabara wameona mafuta yake yanaua baadhi ya vijidudu, na yanafukuza mbu kwa muda mfupi. Panya sukari yao ilishuka. Lakini watu waliopimwa ni wachache mno, na hakuna anayejua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Chako, cha mama yako na cha bibi yako havilingani. Kidonge najua kina kiasi gani, kwa hiyo naweza kukipunguza. Na siwezi kuapa kwamba ni kivumbasi peke yake. Mama yako anasema alikuwa hali chakula, na vidonge hivi juu ya tumbo tupu vinatosha kumwangusha mtu."

Bibi aliuliza kama akakikate kichaka.

"Usikikate, bibi. Wafukuzie mbu, na chandarua ufunge vile vile. Ila mtu anayemeza vidonge, kila anachokunywa na mimi nikijue." Akawatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa Kipua. "Majani ni nusu ya kosa. Nusu nyingine ni kuficha. Dawa ikifichwa, hakuna anayeweza kuipima, hata awe amesoma vipi. Leo wewe umesema, na nimejua pa kuanzia."

Barua ya hospitali kubwa ilichanwa. Vikombe vitatu vilikoma, baba akaanza kula kwa wakati, na kila wiki alikwenda kupimwa. Sukari yake ilitulia. Hajawahi tena kumuuliza Kipua ni mtoto wa nani.

Lakini hasara ilibaki. Sare za shule zilipewa fundi mwingine, na mwaka uliofuata hazikurudi. Kipua alikosa mtihani wa muhula kwa kukaa na baba wodini pale kituo cha afya. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule wa kushikia kitambaa, vilikakamaa kwa kuungua na havinyooki tena.