Raizel na Gombo la Torati

Kila Ijumaa alasiri, kabla mishumaa ya Sabato haijawashwa, Raizel Plotnik aliketi mezani jikoni pamoja na babu yake, ramani ikiwa imetandazwa mbele yao. Mzee Hersh alisoma fungu la Torati la juma hilo, naye Raizel akaweka punje ya dengu kila mahali palipotajwa. Juma lile walisoma vituo vya safari ya wana wa Israeli, kutoka Misri hata ukingo wa Yordani.

"Refidimu?" babu aliuliza.

"Hapakuwa na maji."

"Mlima Hori?"

"Haruni alifia pale."

"Vizuri. Na dengu ya mlima huo iko wapi? Weka, usitafune."

Raizel alikuwa na umri wa miaka tisa, naye ndiye mtoto pekee wa Kiyahudi aliyebaki katika mji ule wa makaa ya mawe, huko Nova Scotia. Machimbo yalikuwa yamefungwa, vijana wamehamia Toronto, na sinagogi ilikuwa ifungwe kabla ya majira ya baridi. Lilibaki tumaini moja tu. Sinagogi moja ya Safedi, katika Nchi ya Israeli, ilikubali kulipokea gombo la Torati ambalo mababu walilibeba kutoka Lithuania, mradi liwe bado lafaa kusomwa. Babu ndiye angelipeleka, na Raizel angekwenda naye kuiona nchi aliyoijua kwa ramani tu.

Asubuhi ya Sabato wanaume kumi, idadi inayotakiwa kwa usomaji, walipatikana kwa taabu. Babu alisoma hadi akafika penye neno "wakasafiri", akakatisha, akainamia gombo. Wino wa herufi ya kwanza, vavu, ulikuwa umebanduka mguuni. Herufi ilifupika hata ikafanana na yodi, herufi nyingine iliyo fupi; na herufi moja ikiharibika, gombo zima halifai kusomwa.

"Hiyo vavu, Hersh! Endelea, chakula kinapoa," alisema Mzee Getzel, mmoja wa wale kumi.

"Wewe hata mkeo humwoni vizuri, utaona vavu?"

"Mke wangu namsikia. Yatosha."

Hawakupatana. Sheria yao ya kale yasema kwamba shaka kama hilo likitokea, aitwe mtoto, asiye na elimu nyingi wala asiye mjinga, aseme aonavyo.

"Raizel, njoo," babu aliita.

"Huyo anajua mno," Getzel alinong'ona, uso umemchangamka kwa tumaini. "Umemfundisha mwenyewe."

Babu alifunika maneno mengine kwa kitambaa, akaacha herufi ile peke yake. Lakini Raizel alikuwa amefuatilia usomaji. Alijua ni neno gani, na alijua herufi iliyopasa kuwapo. Alitazama. Kichwa kidogo, mguu hakuna. Akainua macho kumtazama babu.

"Ni vavu, sivyo, binti?" Getzel alisema.

"Kimya!" babu alimkemea. "Sema unachokiona, Raizel."

"Naona yodi."

Gombo likafungwa, mshipi wake ukafungwa nje ya vazi lake la kitambaa, ishara kwamba halifai. Wakamalizia kusoma katika kitabu cha chapa, bila zile baraka zisomwazo juu ya gombo.

Juma lililofuata mwandishi wa magombo alifika kutoka Montreal, akalikagua. Wino ulikuwa unabanduka kila mahali, halitengenezeki. Safari ya Safedi ikafa. Gombo likatiwa katika mtungi, likapelekwa makaburini kuzikwa, kama desturi yao ilivyo.

"Babu, nilijua ilipaswa kuwa vavu," Raizel alisema kando ya shimo, akilia. "Ningesema hivyo tu."

"Najua ulijua."

"Sasa hatuendi."

"Hatuendi."

Mzee Getzel aligeuza uso. Babu hakumbembeleza mjukuu wake.

"Nisikilize," alisema. "Watu wetu waliandika vituo vyote vya safari yao, hata pale waliponung'unika na pale walipoanguka. Wangeweza kuviruka, hawakuviruka. Hiyo ndiyo historia tuliyopewa tuilinde. Anayeilinda kwa uongo hana tena cha kulinda. Umetupotezea safari, mjukuu wangu, nami moyo unaniuma, wala sitakudanganya kwamba utapona upesi. Lakini ulichosema kilikuwa kweli, na kweli husemwa hata inapotugharimu kila kitu."

Kisha akampa koleo. Raizel akachota udongo, akaumwaga juu ya mtungi.