Aliyesali Nyuma ya Mlango

Mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa ndani ya chumba kile. Rafiki yangu, fundi wa vitasa, naye hajui, wala hapendi kuulizwa.

Mchana mmoja aliitwa na mtu aliyetaka kufunguliwa chumba cha shemeji yake, mjane aliyelazwa hospitali. Alitaka kuchukua dhahabu ya mjane kabla hajarudi.

"Fungua tu, fundi. Nina chumba cha duka, utakaa humo bure."

Rafiki yangu alikuwa anafukuzwa kwenye kibanda chake, kwa hiyo alitamani. Katika ujia mwembamba usio na dirisha, aliingiza waya kwenye kitasa, akaanza Sala ya Bwana, kama afanyavyo kabla ya kufungua mlango wowote.

"Lo, mchungaji wa vitasa!" yule mtu akamcheka. "Fanya haraka basi, Mungu naye ana foleni."

Ndipo sauti nyororo ikaanza kusali naye kutoka ndani, neno kwa neno. Walipofika penye "utuokoe na yule mwovu", ikanyamaza. Kisha ikacheka kidogo, puani.

Rafiki yangu akachomoa waya. "Huna jipya," akauambia mlango, kama anayefukuza mbwa jikoni, akaimaliza sala peke yake.

Wakaamua mlango utiwe komeo la pili mpaka mjane arudi. Aliyelifunga ni yule yule mtu aliyeitaka dhahabu, jasho likimtiririka. Na kila skrubu aliyoikaza, ukucha ulikwaruza ubao upande wa ndani, pale pale.