Fundi Asiyeshika Chuma

Fungeni mlango. Na komeo la juu pia. Wewe mkubwa kaa huku kwenye mkeka, wewe mdogo kaa kule karibu na kabati, ili mkitaka kushikana mpitie kwangu kwanza. Leo, wanangu, mtanisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote mimi ndiye niliyetunza ugomvi wa nyumba hii, nani alisema nini, nani alimpiga nani, hata ule wa kuku. Na kwa kuwa mdogo ameoa tena, na huyu bibi arusi hajui mambo yetu, nitamtaja kila mtu kwa kirefu.

Ilikuwa Jumanne. Jua linazama.

Nilikuwa nimetoka kununua mkaa wa pasi. Umeme siuamini tena mimi. Nguo nanyoosha kwa pasi ileile ya mkaa iliyowasomesha hawa wawili, ile yenye pua iliyokatika. Mkubwa alimrushia mdogo wake wakiwa watoto, ikamkosa, ikagonga kizingiti. Walikuwa wanagombea kukaa dirishani. Leo mmoja mchomeleaji, mwingine dereva wa lori, na bado wanagombea dirisha.

Siku hiyo nilitaka kunyoosha fulana ya Kidole. Kidole ni binti wa mkubwa, ana miaka ishirini, naishi naye humu. Jina hilo alipewa kwa wepesi wa vidole, maana hucheza magemu ya kompyuta, yale ya kupigana na watu walio mbali. Jumamosi alikuwa na mashindano. Akaniambia, "Bibi, fundi wetu anakuja leo kunifungia kadi mpya ya picha na vijiti vya memori. Ukimkuta getini mwambie aingie."

Nikamkuta getini.

Hakuwa fundi wetu. Kamtu kafupi, shati limefungwa mpaka shingoni, mikono ndani ya soksi. Soksi za miguuni, kazivaa mikononi. Kashikilia kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Nimeleta kadi," akasema. Kwa kunong'ona, kama mtu aliyechomwa koo.

"Na fundi wetu?"

"Anachelewa."

Akasimama tu. Hapigi hodi, hasogei. Nikamwona anaitazama midomo yangu, anasubiri nimkaribishe.

"Karibu ndani basi," nikasema.

Mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Akaingia. Na pale mlangoni, wanangu... akainamisha kichwa. Kizingiti kile hata mkubwa hapa anapita wima. Kamtu kananifika begani, kakainama kama mtu mrefu anayeogopa kujigonga.

Nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akiinama hapo.

Nikajiambia, wewe mama, macho yako mabovu. Nikaenda zangu jikoni kuwasha mkaa.

Sasa, bibi arusi, boksi la Kidole ni kubwa kama kabati la nguo za mtoto, na linanguruma. Yeye huliingizia namba ndani yake, akalilazimisha likimbie kuliko lilivyotengenezwa. Likikubali, analiongeza. Ndiyo maana lina mafeni mengi, kwa sababu likikimbizwa hivyo linapata homa kama mtu.

Nimewaona mafundi wakilifungua mara nyingi. Wote wana desturi moja. Kabla ya kugusa kitu cha ndani, wanashika kwanza lile bati la boksi, chuma kitupu. Wanasema mwilini mwa mtu mna umeme kidogo, usipoushusha kwenye chuma utaua kadi. Hata awe fundi wa jana, atashika chuma.

Nikarudi na pasi inafuka, nikaanza kunyoosha fulana palepale chumbani. Kidole kafungua ubavu wa boksi, katoa kadi ya zamani. Yule mtu kakunjua blanketi. Kadi nzito, mafeni matatu, ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko.

"Shika chuma kwanza, fundi," Kidole akamwambia.

"Mimi sina umeme mwilini," akasema.

Kidole akacheka. Alidhani ni utani.

Akaichomeka kwa mikono yake ya soksi, bila kugusa bati hata kwa bahati mbaya. Alipita pembeni pembeni, kama unavyopitisha mkono juu ya moto. Kisha vijiti vya memori. Nilivisikia vikiingia.

Tak.

Tak.

Akawasha. Na hapo harufu ikaja. Plastiki iliyoungua... na chini yake nywele. Nikaangalia fulana, nikadhani nimeichoma mimi. Fulana ilikuwa nzima.

"Bibi, inateleza kama maji," Kidole akasema. Kaweka hedifoni masikioni, vidole vinaruka. Pembeni mwa kioo kuna namba ya joto, huwa anaisoma kwa sauti. "Sabini. Iko poa. Naongeza kidogo." Akaongeza. "Themanini." Yule mtu kasimama nyuma ya kiti chake. "Themanini na tano. Basi, inatosha."

"Ongeza," akanong'ona yule mtu.

"Itaungua, fundi."

"Ongeza. Usiwe muoga."

Nilimwona Kidole vinyweleo vya shingo vikimsimama. Na mimi mkono wangu ukasimama juu ya fulana.

Bibi arusi, mumeo alikuwa na mtoto wa kiume wa mke wa kwanza. Tulimwita Mrefu. Yeye na Kidole walicheza pamoja, kila mtu na kompyuta yake, nyumba mbili, wanaongea kwa spika. Mwaka jana Mrefu aliungua na kompyuta yake. Walimkuta mikono imeganda kwenye boksi, wakalazimika kuibandua. Msibani baba yake akauliza nani alimwambia kijana wake aikimbize vile. Akamfuata kaka yake na mpini wa koleo, mbele ya jeneza, akamvunja mfupa wa bega. Hawajasalimiana mpaka leo.

Ngojeni. Nitafika huko.

"Fundi, vidole vyangu havitoki," Kidole akasema. Polepole, kama anaona aibu. "Bibi... havitoki."

Nikatazama. Ngozi ya vidole ilikuwa imeshika kwenye kibodi, inavutika kama utomvu.

"Tisini," akasema. Hakuwa anataka kusema. Ilimtoka. "Tisini na tano."

Yule mtu akamshika kisogo. Akamsukuma kichwa ndani ya boksi.

Nilisikia feni zikikamata nywele. Kisha zikakamata nyama. Kioo kikarukiwa na damu, mistari mistari, kama mtu anakung'uta brashi ya rangi. Kidole alipiga ukelele mmoja tu. Uliobaki ulikuwa mlio wa feni zikihangaika.

Sikufikiri. Pasi ilikuwa mkononi. Nikaibandika juu ya mkono wake wa kulia nikaegemea kwa uzito wangu wote.

Tssssss.

Soksi ikayeyuka. Chini yake kulikuwa na mkono wa mtu, una nywele, una joto, na ukanuka nyama. Akamwachia mtoto. Akanigeukia. Akanipiga mara moja kwa kiwiko, haya mapengo mawili mnayoyaona ni yake. Nikaanguka kwenye ukuta. Akaniinamia mpaka uso wake ukagusa wangu, damu yangu inamchafua kidevu naye hajali. Na sauti iliyotoka haikuwa ya kunong'ona tena. Ilikuwa ya kijana. Niliijua tangu inaomba maziwa.

"Bibi Pasi," akasema. "Nani alikuwa amelala?"

Mrefu peke yake ndiye aliyeniita Bibi Pasi.

Pasi nilikuwa sijaiachia. Nikairusha ndani ya boksi, na mkaa wake, na moto wake. Boksi likalipuka. Taa zikazima nyumba nzima.

Giza. Mkaa mwekundu sakafuni. Kidole anakoroma kwa damu.

Hakuna mtu mwingine.

Mlango... huu mlango... ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Kisha getini, "Hodi. Hodi wenyewe. Samahani, nimechelewa."

Fundi wetu. Yeye ndiye aliyembeba Kidole mpaka hospitali. Kesho yake akaja kutazama boksi. Akashika bati kwanza, nikamwona, nikaanza kulia. Akaichomoa ile kadi akaigeuzageuza.

"Bibi, nani kafunga hii? Hii haikuungua jana. Imeungua zamani, tazama vumbi lilivyogandia juu ya masizi. Hii haiwezi kuwaka."

"Iliwaka. Alicheza."

Akamulika ndani na tochi.

"Na memori ziko wapi?"

"Aliziweka. Nilisikia."

"Hapa hakuna kitu, bibi. Nafasi tupu, na zina utando wa buibui. Kompyuta haiwaki bila memori. Haiwezi."

Hayo ndiyo ya Jumanne.

Kidole yuko chumba kile pale. Wamemshona uso nyuzi arobaini na moja. Vidole viwili havikunji tena. Lakini hicho sicho kilichonifanya niwaite. Ana homa, na hospitali wamepima kila kitu hawaoni ugonjwa. Mchana anapoa. Jua likizama inapanda. Siku ya kwanza thelathini na nane. Ya pili thelathini na tisa. Jana arobaini na moja. Daktari kasema zaidi ya hapo hana la kufanya.

Na jua mnaliona liko wapi.

Kwa hiyo nasema. Mwanangu mdogo, siku ile ya msiba uliniuliza mbele ya watu, nikakuapia kwamba Kidole alikuwa amelala, hakuongea na Mrefu. Niliapa uongo. Nilikuwa nimekaa naye palepale. Nilimsikia Mrefu kwenye spika akisema, "Linanuka hili boksi, ngoja nipunguze." Na Kidole akacheka, akamwambia, "Ongeza. Usiwe muoga." Hakukusudia. Walikuwa wanataniana kama siku zote. Lakini alisema, na mimi nikaficha, wewe hukuniamini ukamwangukia kaka yako, na mfupa wake ukavunjika kwa uongo wangu.

Tulia, mkubwa. Kaa chini. Sijamaliza.

Nimetoa ya kwangu. Sasa na wewe mdogo utoe ya kwako. Tangu umeingia umeuficha mkono wa kulia chini ya shati. Chai umeipokea kwa kushoto, mbele ya mama yako. Jumatano ulipokuja hospitali ulikuwa umeufunga kitambaa, ukasema umeunguzwa na rejeta ya lori.

Rejeta haina pua iliyokatika.

Fungua kitambaa. Sikulaani. Kama ulikwenda kwa mganga ukamwachia kitu cha Kidole, ukampa na mkono wako autumie, sema, turudi kwake sote tukakiombe. Kuna mtoto mmoja aliyebaki katika nyumba hii.

Fungua.

...

Haya. Mnaiona wote. Hii ndiyo alama ya pasi yangu, na hapa ndipo pua ilipokatika.

Unasema nini? Sema kwa sauti.

Uliamka na jeraha hili? Jumatano asubuhi, kitandani kwako? Wewe bibi arusi, ni kweli? Alilala tangu Jumanne magharibi mpaka asubuhi, hakutoka?

Mwanangu, niangalie machoni. Hukwenda kwa mtu yeyote? Hujampa mtu yeyote mkono wako?

Basi nani...

Nyamazeni. Nyamazeni wote.

Mnasikia? Ni Kidole. Ameamka. Anasoma namba.