Udongo kwenye Mwimo

Asubuhi moja ya Machi 2013, ghala la bustani ya akina mama huko Kakuma lilikutwa wazi. Mwimo wa mlango ulikuwa umelala chini na pampu ya maji haikuwepo. Sajini Akiru alipofika kutoka Lodwar, alimkuta Bior, fundi mkimbizi aliyeutengeneza mlango ule, tayari ametiwa pingu. Saa sita angepelekwa mahakamani.

"Ejok, afande," alisalimu kwa Kiturkana Lomunokol, mtunza ghala na mwenye ufunguo wa pekee. "Mwimo imeliwa na mchwa. Fundi alijua. Alisukuma tu, akabeba pampu."

"Mimi sijaiba kitu!" Bior alifoka. "Bibi yangu Adhar analima hapa hapa. Nitaiba maji ya watoto yangu?"

Akiru alichuchumaa. Mwimo ulikuwa wa mti wa mathenge, na njia za udongo zimeupanda kama zile za mchwa. Akaukwangua kwa kisu. Chini ya udongo palikuwa na vitundu vya mviringo, ndani yake unga mkavu, laini. Mchwa gani hawa! Mchwa hutoka ardhini na kujaza udongo ndani ya mti wanaoula. Waliotoboa hapa ni fukusi, nao huacha unga mtupu, udongo hawaujui.

"Lomunokol, hawa mchwa wamepitia wapi? Sakafu ni saruji, na mguu wa mwimo hauna hata chembe ya udongo."

"Mchwa iko na akili, afande."

"Na maji wanateka? Udongo wenyewe bado mbichi."

Akina mama wa bustani, waliokuwa wamekusanyika pale, wakaangua kicheko.

"Basi Bior ndiye alipaka!" Lomunokol alidakia.

Njia ya mwongo ni fupi. Akiru akaweka kidole kwenye tundu la komeo katika mwimo, ambalo lilikuwa zima kabisa. "Mlango uliofungwa ukisukumwa kwa nguvu, hapa hupasuka. Huu ulifunguliwa kwa ufunguo, ndipo mwimo ukang'olewa. Ufunguo anao nani?"

Lomunokol aliketi chini.

"Mbuzi ya baba inakufa kiu kule Kerio," alisema. "Nilitaka kurudisha pampu mvua ikinyesha. Niliona hiyo unga, nikajua ni mchwa. Nikaongeza udongo ili watu waamini."

Akiru alimfungua Bior, akamfunga Lomunokol kwa pingu zilezile, zikiwa bado na joto la mikono ya fundi. Adhar alimshika mumewe mkono, kisha akamgeukia mtunza ghala.

"Si ungeomba tu, ndugu yangu? Tungekuazima."